Maji ya kioo cha gari: jambo dogo lililotaka kututia msibani

Safu hii imezoea kuzungumzia malezi na bajeti ya nyumba. Wiki hii naomba tufungue boneti ya gari, kwani gari la familia nalo ni sehemu ya nyumba, na anayelishika usukani amebeba amana ya roho za watu.

Mwezi wa saba tulikwenda Namswea, wilayani Mbinga, kumjulia hali mama mkwe wangu. Huo ni msimu wa kuvuna kahawa, na milima ya Umatengo huwa mikavu. Kila penye barabara ya udongo vumbi jekundu hutanda juu ya majani, nguo na magari. Baada ya siku tatu tuliaga, tukapita Mbinga mjini, tukaanza kuteremka kuelekea Mbamba Bay ili watoto walione Ziwa Nyasa. Barabara ile ina lami nzuri, lakini ni ya milima na kona. Ilikuwa baada ya Alasiri, na kwa kuwa ziwa liko magharibi, jua lilikuwa machoni mwangu.

Katika kona moja lori lililotutangulia lilipita kwenye dimbwi la maji, likaturushia tope. Nikawasha waipa. Tope likachanganyika na vumbi tulilotoka nalo Namswea, likapakwa kioo kizima kama rangi. Nikavuta kijiti cha maji. Nikasikia pampu ikilia, lakini halikutoka hata tone.

“Baba Swaumu, simama! Kuna mtoto!” mke wangu alipaza sauti. Yeye alikuwa ameona kupitia dirisha la pembeni. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari liliposimama, mvulana aliyekuwa akivusha baiskeli yenye mzigo wa kuni alikuwa hatua chache tu mbele yetu. Akatuamkia kwa adabu, “Shikamooni,” akaendelea na safari yake.

Hebu tufanye hesabu. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita takriban mita 17 kila sekunde. Dereva asiyeona kwa sekunde tatu ameendesha mita 50 akiwa kama kipofu. Alhamdulillahi, tulisalimika. Lakini nilikuwa na deni la kujibu, kwani tangu tulipokuwa Songea mke wangu alinikumbusha kuwa maji ya kioo hayatoki, nami nikamjibu kwa mzaha kwamba maji ya kioo hayaendeshi gari.

Tulikisafisha kioo kwa maji ya kunywa na kitambaa. Tulipofika Mbamba Bay, kulipopambazuka, mimi na mwanangu tulitafuta chanzo cha tatizo. Nakueleza tulivyofanya, kwa sababu kazi hii haihitaji gharama kubwa.

Kwanza, sikiliza. Injini ikiwa imezimwa na swichi imefunguliwa, vuta kijiti cha maji. Pampu isipolia kabisa, kagua fyuzi, kisha nyaya, kisha pampu yenyewe. Ikilia bila maji kutoka, angalia kama tangi lina maji; likiwa nayo, basi ama kuna mrija uliochomoka, kukunjika au kutoboka, ama kuna kizuizi njiani.

Pili, fuata njia ya maji kutoka mwisho wake. Chomoa mrija karibu na tundu la kurushia maji, kisha mwenzako avute kijiti. Maji yakiruka kwa nguvu kutoka mrijani, tundu ndilo lililoziba. Yasipotoka, rudi nyuma kiungo kimoja kimoja hadi kwenye pampu. Usisahau panya, kwani hupenda kutafuna mirija hii gari linapolala muda mrefu.

Kwetu sisi maji yalitoka kwa unyonge, ishara kwamba tatizo lilikuwa sehemu mbili. Matundu yalijaa ukoko mweupe. Nikakumbuka kwamba miezi michache nyuma nilitia sabuni ya unga katika tangi, nikidhani naongeza usafi. Sabuni ile haikuyeyuka yote, ikaganda katika vitundu vyembamba. Tuliyachomoa matundu, tukayaloweka katika siki ya vuguvugu kwa muda wa saa moja, kisha tukayazibua polepole kwa sindano nyembamba. Usisukume kwa nguvu, maana tundu likipanuka maji hayatapiga tena mahali pake. Waweza pia kupuliza kwa pampu ya baiskeli, lakini mrija uwe umeshachomolewa. Usipulize kwa mdomo; maji ya tangi si safi.

Sehemu ya pili ilikuwa chini ya tangi. Pampu nyingi huchomekwa kwenye mpira ubavuni mwa tangi, na mdomoni pana kichujio kidogo. Tulipoichomoa, tukakuta kichujio kimefunikwa na ukoga wa kijani. Tulimwaga maji yote, tukasuuza tangi mara tatu kwa maji ya vuguvugu, tukasugua kichujio kwa mswaki wa zamani, tukarudisha kila kitu. Mwishoni tulielekeza matundu kwa ncha ya sindano hadi maji yakapiga katikati ya kioo. Gharama ilikuwa siki peke yake.

Ukoga huo si uchafu wa macho tu. Maji yaliyotuama mahali penye joto huweza kukuza bakteria waitwao Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu kwa mtu anayevuta mvuke wake. Mwaka 2010 watafiti nchini Uingereza walionyesha kuwa madereva waliotumia maji matupu, bila dawa ya kusafishia kioo, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa huo.

Basi tutie nini? Maji safi yaliyochujwa, pamoja na dawa maalumu ya kioo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Usitie sabuni ya unga, wala sabuni ya vyombo, wala maji ya rejeta. Haya ya mwisho huacha utando kiooni na ni sumu. Dawa ya kioo nayo ni sumu, na rangi yake ya buluu huwavutia watoto. Iache katika chupa yake yenye maandishi, uihifadhi juu wasikofika. Usiihamishie kamwe katika chupa ya soda.

Mambo mengine mawili. Usivute kijiti tangi likiwa tupu, kwa sababu pampu hupozwa na maji yale yale. Na usiwashe waipa juu ya vumbi kavu. Mchanga hukwaruza kioo, na mikwaruzo hiyo ndiyo inayotawanya mwanga wa jua la jioni na taa za usiku hata usione njia.

Siku hizi kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kujiandaa kwa swala, mwanangu hufungua boneti, akatazama maji ya tangi na kuvuta kijiti mara moja. Hiyo ni kazi ya dakika mbili. Mama yake akisema jambo kuhusu gari, nasimama na kulikagua papo hapo. Yule mvulana wa baiskeli hajui kilichotokea siku ile. Mimi najua, na ndiyo maana nimekuandikia.