Mradi wa Pamoja Hupangwa Mahali Gani?

Neno 'pamoja' tumelizoea mno hata hatutambui tena lilivyoundwa. Mwanafunzi wa mofolojia hulikata vipande viwili bila taabu: 'pa-', kiambishi cha mahali, na '-moja'. Serikali mbili zinapotia sahihi mkataba wa programu ya pamoja ya maendeleo, basi, ni haki yetu kuuliza mahali hapo pamoja ni wapi. Aghalabu huwa ni Nairobi na mji mkuu wa nchi mfadhili. Kule mradi utakakotekelezwa hakumo katika hesabu.

Mfano mkubwa tunao pwani, kaskazini ya mto Sabaki, katika nchi ya Magarini ambayo Adu ni mojawapo ya wadi zake. Katika miaka ya 1970 Kenya na Australia zilianzisha Mpango wa Makazi wa Magarini. Katika maandishi, mpango huo uliafiki vipaumbele vya taifa barabara: Serikali ilitaka kuwapa maskwota ardhi na kuongeza mazao, na Waaustralia walikuwa na ujuzi wa kilimo cha nchi kavu. Mashine zikafyeka pori, barabara zikachongwa, viwanja vikapimwa. Hata hivyo, maji yaliusumbua mradi miaka nenda miaka rudi, na suala la umiliki wa ardhi likabaki donda. Mwaka 1991 Doug Porter, Bryant Allen na Gaye Thompson walichapisha kitabu kizima juu ya mradi huo, nacho si kitabu cha kuusifu.

Mimi si mchumi, kwa hiyo nitashika neno moja tu: makazi. Anayepewa makazi ni yule asiyekuwa nayo. Lakini Wagiriama walikuwa wakilima ng'ambo ya Sabaki kabla ya mwaka 1914, ambapo Waingereza waliwahamisha kwa nguvu hadi kusini ya mto. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilikuwa imekwisha kuifanya ardhi ya pwani isiyodaiwa kwa maandishi kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, na uhuru ulipopatikana ikarithiwa na Serikali. Ndivyo mwenyeji alivyogeuka skwota. Mpangaji wa mradi alisema watu wanapewa ardhi; mwenyeji angesema anarudishiwa. Tofauti ya vitenzi hivi si ya wanaisimu peke yao, maana aliyepewa hutarajiwa kushukuru na kufuata masharti, na aliyerudishiwa hudai hatimiliki yake kwanza, mengine baadaye.

Hapo ndipo tathmini inapoingia. Neno hili ni ndugu wa 'thamani', nalo halituambii thamani hiyo hukadiriwa na nani. Ekari zilizofyekwa na kilomita za barabara huhesabika upesi, lakini si lazima ziwe ndizo alizozithamini mkulima. Hata neno 'walengwa', tulipendalo sana katika ripoti, ni la kutendwa: anayelengwa hashiki upinde.

Huenda msomaji akasema hayo yamepita. Azimio la Paris la mwaka 2005 liliwataka wafadhili wafuate mipango ya nchi zinazosaidiwa. Ni hatua njema, lakini haikufika mbali vya kutosha. Mwaka 2014 Serikali yetu wenyewe ilizindua mradi wa Galana-Kulalu, kwenye kaunti za Kilifi na Tana River, kwa ushirikiano na kampuni ya Kiisraeli. Kipaumbele kilikuwa cha taifa bila shaka yoyote, yaani chakula. Ekari milioni moja zilitajwa. Shamba la mfano lilikuwa la ekari 10,000, na mkandarasi akaondoka kabla ya kulikamilisha. Kuafiki vipaumbele vya taifa, kumbe, hakutoshi kuwa kipimo.

Wachumi watanijibu kwamba lugha haioteshi mahindi. Kweli haioteshi. Lakini mkulima anayejua mvua za kwao huachaje kuupinga mpango mbovu mapema, kama si kwa sababu mpango huo umeandikwa kwa lugha asiyoisoma? Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka wananchi washiriki katika kupanga. Pamoja na hayo, mipango ya kaunti huandikwa kwa Kiingereza. Wazee hunena barazani kwa Kigiriama na Kiswahili, kumbukumbu zikaandikwa kwa Kiingereza, na njiani 'kurudishiwa' hugeuka 'kupewa'.

Walimu wa Magarini wanaweza kuanza kazi hii bila kungoja kamati. Wauchukue mpango wa Kaunti ya Kilifi wa miaka 2023 hadi 2027, wachague kurasa zinazowahusu, na wanafunzi wa kidato cha tatu wazitafsiri kwa Kiswahili. Kisha kila mwanafunzi awasomee wazazi wake nyumbani na kuandika, kando ya kila mradi, ni kitu gani wao wangekiona wakasema umefaulu: bomba litoalo maji hadi mwezi gani, hati kwa jina la nani. Karatasi hizo apewe mwakilishi wa wadi kabla mpango wa miaka mitano unaofuata haujaandikwa.