Samaki wa tangi asipelekwe Jipe

Bumu lilipoingia nilinunua tangi dogo la kioo na samaki mmoja aina ya pleko. Muuzaji akaniambia, "Huyu humlishi, anakula ukoga wa kwenye kioo." Baada ya wiki mbili kioo kiling'aa kweli, lakini tumbo la samaki lilikuwa limeingia ndani. Ukoga umeisha, ana njaa! Tangu hapo namwekea mchicha uliochemshwa kidogo na kipande cha tango, na kila wiki nabadilisha robo ya maji.

Sasa likizo imefika, na washikaji wananishauri: "Si kwenu Jipe? Kamwachie ziwani, atajitegemea."

Nimekataa, na nawaomba wanachuo wenzangu mkatae pia. Asili ya pleko ni Amerika Kusini. Huko Florida na Meksiko, wa jamii yake walioachiwa wamezaana mpaka wamejaa, na wanatoboa kingo za mito kwa mashimo ya kutagia. Jipe tayari ina mla ukoga wake: perege mwenye jina la ziwa lenyewe, Oreochromis jipe. Wataalamu wamemweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Tumwongezee mgeni wa kugombania naye chakula?

Mimi nasomea ualimu. Siku moja nitasimama mbele ya watoto wa wavuvi niwafundishe kulitunza ziwa lao. Nitaanzaje, kama mimi ndiye niliyelichafua?

Pleko wangu nimemkabidhi jirani wa hosteli, pamoja na hela ya mchicha.