Wao Wanatusoma, Sisi Tunawasoma?

Ukiambia watu wa hapa Nairobi unasoma ustaarabu na tamaduni za Asia kampasi, swali ni moja tu: "Na hiyo itakulipa wapi?" Ukisema unasoma Kichina, sawa, wanaelewa, kuna kazi ya ukalimani. Lakini historia ya China? Dini za India? Fasihi ya Japani? Hapo unaonekana unachezea karo ya wazazi.

Mimi naona hizo ni kati ya kozi tunazohitaji sana hii nchi.

Tuanze na SGR. Treni ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria 2017, na pesa nyingi za kuijenga zilikuwa mkopo wa Exim Bank ya China. Serikali ilipoweka wazi sehemu ya mikataba Novemba 2022, tulijionea wenyewe: mkopo unaongozwa na sheria za China, na mzozo ukitokea unaamuliwa Beijing. Sasa jiulize, ni Wakenya wangapi wanaweza kuketi kwa hiyo meza wakijua upande ule unafikiria vipi? Simaanishi mtu wa kusema "ni hao" na kuinama kidogo. Namaanisha mtu anayejua sheria yao ilitoka wapi, nani ana neno la mwisho, na kwamba China ilichagua maafisa wa serikali kwa mitihani kwa zaidi ya miaka 1,000, hadi 1905. Sisi tulidhani KCSE ndiyo presha!

Wao walianza kutusoma kitambo. Redio yao ya Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili 1961, na vyuo vyao vinafundisha Kiswahili tangu miaka hiyo ya 60. Japani nako, Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili. Kuna mtu huko anaelewa methali zetu na siasa zetu kuliko vile wengi wetu tunaelewa zao.

Halafu tusidanganyane kwamba Asia ni mambo ya mbali. 1415, Malindi ilipeleka twiga hadi kwa mfalme wa China. Kule Gede, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vyombo vya kauri vya Kichina. Kuanzia 1896, Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kujenga reli ya kwanza. Na Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab, alisimama hapa Nairobi 1950 akadai uhuru, akazuiliwa miaka 11. Wangapi kati yetu wanamjua? Kwa wengi, Mhindi ni mwenye duka tu, na Mchina ni mjenga barabara. Huo si ujuzi, ni mazoea.

Najua hoja ya kazi, na si hoja ya kijinga. Kazi ni chache, karo ni kali, na hakuna tangazo la "anahitajika mtaalamu wa falsafa ya Confucius." Kwa hivyo sisemi uache sheria au uhandisi. Nasema vyuo viruhusu mtu achanganye: wakili aliyesoma historia ya China, mhandisi anayejua Kijapani na watu wake, mwanabiashara anayeelewa kwa nini Gujarati na Pwani yetu zimefanya biashara karne na karne.

Na tusiwaachie wenyewe kazi yote ya kutufundisha. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilifunguliwa 2005, ya kwanza Afrika, na lugha wanayofundisha inasaidia vijana wengi. Lakini mwenye nyumba akikutembeza kwake, atakuonyesha sebule. Jikoni na stoo utaziona ukiwa na walimu wako, maktaba yako na maswali yako. Kuna mambo ya kusifu, kuna mambo ya kuhoji, na yote mawili yanataka msomi ambaye halipwi na mwenyeji.

Kwa hivyo kama uko karibu kujaza kozi zako za KUCCPS na hii kitu inakuvuta, usiione aibu. Mzazi akiuliza itakulipa wapi, muulize naye: mkataba mwingine kama wa SGR ukija, nani atausomea Kenya?