Mgonjwa Haulizwi Uji, Anaulizwa Sindano

Mmelala? Tarehe 17 Machi 2027 inakuja, na sisi tunaoishi Kanada tunabishana juu ya kodi za nyumba na bei ya mafuta.

Siku hiyo, sheria isipobadilishwa, mtu asiye na saratani, asiye na figo mbovu, asiye na chochote ila ugonjwa wa akili, ataruhusiwa kumwomba daktari amsaidie kufa. Wenyewe wanaita MAID. Gharama ni ya serikali. Sindano bure.

Bure! Sasa nenda kwa mwanasaikolojia mwenye ofisi yake, muulize kikao kimoja ni kiasi gani. Zaidi ya dola 100, na bima ya afya ya mkoa haigusi. Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji: unapika, unampelekea. Nchi hii uji inakuuzia, sindano inakukaribisha.

Kuna mama mmoja wa Uvira, Kongo, ninayemfahamu. Mapazia yake yalikuwa yamefungwa saa saba mchana. Kwenye friji, barua ya rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya akili imebanwa kwa sumaku, pembe zimeanza kujikunja kwa kungoja. Ukimuuliza hali, anakujibu, "Nimechoka kupumua." Ukipiga simu kliniki, unaambiwa foleni. Foleni! Sheria inasema mtu ambaye kifo chake hakiko karibu atathminiwe kwa siku zisizopungua 90 kabla ya kusaidiwa kufa. Foleni ya mama yule ilizipita siku 90 na kuziacha nyuma.

Yaani mlango wa kufa una kalenda. Wa kupona hauna.

Hajapona mpaka leo. Anameza vidonge, na zipo wiki hapokei simu. Lakini juzi Jumamosi alinigombeza mbele za watu kwamba sombe yangu haina mawese. Mwaka ule wa mapazia wangemletea fomu, angetia sahihi hata bila kuisoma. Nani angemlaumu? Na nani angejua kwamba ugomvi wa mawese ulikuwa njiani?

Hapo ndipo uvundo wa jambo hili ulipo. Kwa wengi wenye sonona, hamu ya kufa ni dalili ya ugonjwa, kama homa ilivyo dalili ya malaria. Daktari gani anaipokea dalili akaiita ombi?

Tulifikaje hapa? Hatua kwa hatua, huku tumelala. 2015 Mahakama ya Juu ilifungua mlango. 2016 Bunge likatunga sheria kwa wale ambao kifo chao kinaonekana kinakuja. 2021 sharti hilo likaondolewa. Ugonjwa wa akili pekee uliwekwa kando, lakini Seneti ikataka katazo hilo liwe na tarehe ya kuisha. Aliyelipeleka pendekezo hilo ni Seneta Stan Kutcher, naye, kaa chini kwanza, ni daktari wa magonjwa ya akili.

Tangu hapo ni kusogeza tu. Machi 2023, wakasogeza. Februari 2024, wakasogeza tena. Sababu? Mfumo hauko tayari. Hawakusema ni kosa. Walisema hatujawa tayari! Kuahirisha si kukataa, ndugu yangu, na anayekuambia "ngoja kidogo" hajakuambia hapana.

Serikali hiyo hiyo, Novemba 2023, ilizindua namba 988 kwa anayefikiria kujiua. Huduma ni kwa Kiingereza na Kifaransa, wa Uvira ajijue. Mkono mmoja unamshika mtu asianguke, na mwingine unaandika kanuni za kumsukuma taratibu.

Wapo wanaouliza: mbona wa saratani anaruhusiwa na wa akili ananyimwa, si ubaguzi huo? Swali zito, silidharau. Mateso ya akili ni mateso kweli. Lakini sheria inadai ugonjwa usio na tiba, na hakuna kipimo cha damu wala picha inayoonyesha sonona ipi haitaondoka. Daktari atakuwa anabahatisha. Akikosea, atamwomba radhi nani?

Na msiniambie mtoto akililia wembe mpe. Methali ile inataka mtoto ajikate kidole, apate akili. Huyu hatabaki wa kujifunza.

Tazama Uholanzi. 2010 waliosaidiwa kufa kwa sababu ya maradhi ya akili walikuwa 2. 2023 wakawa 138. 2024, 219. Mlango huo ukifunguka hauna bawabu. Hapa Kanada, kwa sababu zote, 2024 walikufa kwa MAID watu 16,499, karibu mmoja katika kila vifo 20. Na 2022 tulisikia kwamba mfanyakazi wa idara ya maveterani alimtajia MAID askari mstaafu aliyekuja kutafuta msaada. Hiyo ni kabla ya mlango wa akili kufunguliwa!

Usinielewe vibaya, sitetei pingu. Kenya, mpaka Jaji Lawrence Mugambi alipokifuta kifungu cha 226 Januari 2025, aliyenusurika kujiua alishtakiwa. Ukatili mtupu. Lakini kati ya korti na sindano kuna hospitali, na hiyo ndiyo hakuna anayetaka kuilipia.

Mbunge Tamara Jansen alipeleka bungeni muswada C-218 mwaka 2025, mlango ufungwe kabisa. Mbunge wako anauunga mkono? Umemuuliza? Unamjua jina? Barua kwa mbunge ikipelekwa House of Commons, Ottawa, haihitaji hata stempu. Kalamu unayo. Unangoja nini?