Ayeeyo Hakuwa Bomu

Sikizeni wasee. Kuna kitu nimekaa nacho moyoni muda mrefu, na leo nakitoa.

Ayeeyo wangu alipelekwa Nairobi kupigwa picha ya mifupa. Daktari alitaka kujua kama ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa. Saa mbili asubuhi akadungwa dawa yenye mionzi, akangoja kama masaa matatu, akalala chini ya kamera, akaambiwa kwenda. Usiku huo alilala Isli kwa jamaa. Kesho yake saa mbili asubuhi akapanda basi, na kufika saa nane mchana alikuwa ameshavuka daraja la Tana.

Nyumbani alikuta ametengewa kitanda peke yake. Kikombe chake, sahani yake, mkeka wake. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miezi minne, na Ayeeyo ndiye aliyekuwa akimbembeleza kila jioni. Hakuletewa huyo mtoto kwa wiki tatu. Ati ana mionzi, ati atamchoma.

Hakuna aliyekuwa na roho mbaya. Kule hospitali daktari alisema kwa Kiingereza, binamu yangu akageuza kwa Kiswahili kwenye simu, shangazi akageuza kwa Kisomali jikoni. Maneno "asikaribie watoto wadogo" yalifika. Maneno "leo tu" yalipotea njiani.

Mimi nilijua na nikanyamaza. Ndio maana naandika.

Hebu niwaeleze nilichokuwa nakijua. Kila atomu ina kiini katikati, na ndani ya kiini kuna protoni na nyutroni. Wakati mwingine kiini kinabaki na nguvu za ziada, kama mtu aliyetoka mbio na bado moyo unadunda. Hakiwezi kukaa hivyo milele, kwa hivyo kinatulia, na zile nguvu za ziada zinatoka kama mwale mmoja wa gama. Gama ni ndugu ya mwanga wa kawaida, tofauti ni kwamba ina nguvu nyingi zaidi na hatuioni kwa macho. Kikishautoa huo mwale, kiini kinabaki na protoni zile zile na nyutroni zile zile. Kimetulia tu. Mfaransa Paul Villard aliiona miale hii mwaka wa 1900 akichunguza radiamu, halafu Rutherford akaipa jina la gama.

Dawa inayotumika sana kwa picha kama ile ya Ayeeyo inaitwa teknetiamu-99m. Hiyo "m" mwishoni maana yake ni kiini ambacho bado hakijatulia. Inashika kwenye mifupa, inatoa gama, kamera inaiona. Na nusu ya viini vyake hutulia kila baada ya masaa sita.

Masaa sita! Mtu wa Garissa ukimwambia masaa sita anajua ni nini. Hiyo ni Isli mpaka hapa, ukihesabu na chai ya Mwingi na vizuizi vya polisi.

Sasa piga hesabu. Ayeeyo alidungwa saa mbili asubuhi. Saa nane mchana imebaki nusu. Saa mbili usiku, robo. Saa nane usiku, moja kwa nane. Anapanda basi asubuhi, moja kwa kumi na sita. Anashuka Garissa, moja kwa thelathini na mbili. Na hapo sijahesabu ile aliyoikojoa, maana ndio sababu wanakuambia unywe maji mengi. Baada ya siku tatu kamili ilikuwa imebaki chini ya moja kwa elfu nne. Kuna mjuaji atauliza kwenye komenti, na inayotulia inaenda wapi? Inakuwa teknetiamu-99 ya kawaida, ambayo nusu yake inachukua zaidi ya miaka laki mbili kuisha. Inavunjika polepole mno, na kwa kiasi kile kidogo cha sindano moja, si ya kukunyima usingizi.

Kwa hivyo wiki tatu za Ayeeyo uani zilikuwa za bure. Zililinda mtoto dhidi ya kitu ambacho hakikuwepo.

Wengine mtasema, wewe uliacha chuo mwaka wa pili, utatufunza fizikia? Ni kweli niliacha, karo ilikataa. Lakini hii hesabu haitaki digrii. Ni kugawanya kwa mbili. Na nilinyamaza siku ile kwa sababu hiyo hiyo: wazee wanaongea, nani atasikiza kijana aliyerudi nyumbani bila cheti? Aibu yangu ilimgharimu Ayeeyo wiki tatu, na hakuwa na wiki nyingi. Alituacha mwaka uliofuata.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi mionzi ni mchezo. Mwaka wa 1987 kule Goiânia, Brazil, watu wa vyuma chakavu walibomoa mashine ya hospitali iliyoachwa kwenye jengo tupu. Ndani kulikuwa na seziamu-137, unga unaong'aa rangi ya buluu gizani. Wakaugawa kwa jamaa na majirani kama urembo. Watu wanne walikufa. Nusu ya seziamu hiyo inachukua miaka 30 kuisha, si masaa sita. Kobalti-60, iliyotibu saratani kwa miaka mingi Afrika Mashariki, nusu yake ni miaka mitano na kidogo. Mashine ya kobalti ya Mulago kule Kampala ilipokufa kabisa mwaka wa 2016, wagonjwa wa Uganda walikosa pa kwenda nchini mwao. Kitu kile kile kinachoua mtu wa vyuma chakavu ndicho mgonjwa analia akikikosa.

Kwa hivyo neno "mionzi" peke yake halikuambii kitu. Uliza ni mionzi ya nini, nyingi kiasi gani, na nusu yake inaisha lini. Mtu aliyemeza iodini-131 kwa ajili ya tezi ya shingo, nusu yake ni siku nane. Huyo akiambiwa akae mbali na watoto kwa siku kadhaa, akae. Mtu aliyepigwa miale ya mashine kutoka nje ya mwili, mambo ni mengine kabisa. Mashine nyingi za siku hizi zinatumia umeme, ukizima miale imeisha, na mgonjwa hatoki nayo. Mkumbatie hata kwenye mlango wa hospitali.

Hii si hadithi ya nyumba yetu peke yake. Serikali ilichagua Garissa iwe na kituo cha saratani cha kanda, pamoja na Mombasa na Nakuru. Ni jambo zuri, maana saratani ya umio inatumaliza huku. Lakini mashine ya mamilioni haitasaidia kama mama wa Bula anaogopa akitibiwa atafukuzwa kwenye sahani ya familia. Maoni yangu ni haya: kila kituo kinachotumia mionzi huku kwetu kimpe mgonjwa karatasi moja, kwa Kisomali na Kiswahili, imeandikwa saa kamili ya kuacha kuogopa. Na si karatasi tu, maana ayeeyo wengi hawasomi. Mpeni sauti kwenye simu.

Na dawa yenyewe inaweza kutufuata. Teknetiamu haisafiri mbali, nusu inaishia barabarani. Lakini inatoka kwa mzazi wake, molibdenamu-99, ambayo nusu yake ni masaa 66. Mzazi anawekwa kwenye chombo cha risasi, anasafirishwa, na wahudumu wanakamua teknetiamu kila asubuhi. Wao wenyewe wanaita kukamua. Yaani molibdenamu ni ngamia, teknetiamu ni maziwa. Kama sisi tunaweza kupeleka maziwa ya ngamia Isli kila siku yakiwa bado mazuri, huo ngamia mwingine anaweza kuletwa Garissa, ayeeyo wetu wasisafiri na mifupa inauma.

Nyinyi mlio chuoni, na nyinyi mlioacha kama mimi, msinyamaze jikoni wazee wakigeuza maneno ya daktari. Chukua simu, uliza mwenyewe: ni dawa gani, nusu yake masaa mangapi, mpaka saa ngapi? Piga hesabu mbele yao.

Halafu mletee mtoto wake ambebe.