Funga Daftari, Kisha Sema

Wazazi na walezi wengi hudhani kwamba mtoto akiliinamia daftari kwa muda mrefu baada ya sala ya Isha, basi amesoma. Dhana hiyo si sahihi. Kunakili majibu kutoka kitabuni ni kazi ya mkono. Elimu ni kile kinachobaki kichwani baada ya kitabu kufungwa.

Wanafunzi wetu wa hifdhi wanalijua hili kwa vitendo. Ustadhi haridhiki kumwona mwanafunzi akiitazama sura mara ishirini. Humtaka afunge msahafu, asome kwa ghaibu, asahihishwe papo hapo, na kesho arejee ya jana na juzi. La kusikitisha, mwanafunzi huyo huyo akishika daftari la skuli, utaratibu huo huuacha madrasa.

Mwaka 2006, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lao. Wanafunzi walisoma makala fupi. Kisha baadhi waliisoma tena, na wengine wakaandika waliyoyakumbuka bila kuitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walitangulia kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 42, na waliojipima asilimia 56. Kumbe kurudia kusoma humfanya mtu ajione anajua, ilhali baada ya siku chache mengi yamekwisha kumtoka.

Kwa hiyo, udhuru wa "sisi hatukusoma, tutawasaidiaje watoto?" hauna nguvu. Mzazi asiyejua hata herufi moja anaweza kumwambia mwanawe: "Funga daftari, nieleze ulichojifunza leo." Mtoto akikwama, afungue kitabu, atazame alipokosea, akifunge tena na kueleza upya. Hakuna ada ya twisheni hapo.

Nasi walimu tuna wajibu wetu. Maswali matano yaliyosahihishwa, mwanafunzi akaelezwa kosa lake, yana manufaa kuliko thelathini yaliyopigwa alama tu. Na katika hayo matano, mawili yawe ya mwezi uliopita, ili ya zamani yasisahauliwe.

Enyi wazazi, mtoto anayesoma bila kuulizwa huja kuulizwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani, na huko hapana wa kumsahihisha. Basi tuwaulize sisi kwanza, usiku huu huu.

Wabillahi tawfiq.