Wapeni chungwa kabla ya kanuni

Tazama maswali yetu ya eneo la uso na ujazo. Karibu kila mcheduara una nusukipenyo cha sentimita 7, au 14, au 21. Kila mwalimu anajua sababu: pai tunaiandika 22 kwa 7, saba zikatane, jibu litoke bila desimali. Mwanafunzi anaishia kuwa hodari wa kukata saba. Mwekee mezani kopo tupu la maziwa ya unga na rula, mwambie atafute ujazo, naye atakuuliza, "Mwalimu, nusukipenyo ni ngapi?"

Nafundisha hisabati Muheza, mkoani Tanga, kwenye machungwa tele. Kabla sijaandika ubaoni kanuni ya eneo la uso wa tufe, kila kikundi hupewa chungwa. Wanalikata katikati, wanalaza upande uliokatwa juu ya karatasi na kuuzungushia kalamu, wakichora maduara matano au sita yanayolingana. Kisha wanabandua ganda vipande vidogo vidogo na kuvipanga ndani ya maduara bila kuacha nafasi. La kwanza linajaa, la pili, la tatu, la nne, na hapo ganda linakwisha. Wapo wanaobakiwa na vipande, wapo wanaopungukiwa, kwa kuwa chungwa si tufe kamili, na ubishi unaozuka naupenda kuliko kimya cha kunakili. Nikiandika sasa kwamba eneo ni nne mara pai mara kipeo cha pili cha nusukipenyo, ile nne wanaijua ilikotoka.

Ujazo nao ufundishwe hivyo hivyo. Pia ya karatasi ya manila yenye kitako na kimo sawa na kopo italijaza kopo hilo kwa mchele mara tatu.

Jambo tunalolipita haraka mno ni ukubwa unapoongezeka. Tangi la maji la mcheduara lenye kipenyo cha mita 2 na kimo cha mita 2 huchukua karibu lita 6,280, na fundi atapiga plasta ndani, ukutani na sakafuni, mita za mraba 15.7. Ongeza kila kipimo mara mbili: plasta inakuwa mara nne, mita za mraba 62.8, lakini maji yanakuwa mara nane, zaidi ya lita 50,000. Mzazi anayejenga tangi anahitaji hesabu hii, na mwanawe wa kidato cha nne angeweza kumfanyia.

Walimu wenzangu husema muda hautoshi na madarasa yamejaa. Yamejaa kweli. Lakini zoezi la chungwa linaisha ndani ya vipindi viwili, na muda huo huo tunautumia kurudia kanuni zilizosahaulika kabla ya mtihani.

Nanyi watunga mitihani, tusaidieni. Toeni swali la kopo ambalo mzingo wake umepimwa kwa uzi ukapatikana sentimita 40, kimo 17, na jibu lenye desimali likubalike.